Nyuki Wasiobisha Hodi

Saumu binti Kheri aliingia nchi ya Hodini bila kubisha hodi, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Alikuwa akimfuata nyuki, na amfuataye nyuki hutazama juu, hatazami mipaka. Aliposhusha macho alijikuta katikati ya bustani ya maboga, na mbele yake amesimama mama mmoja mnene wa makamo, kata ya maji mkononi, mdomo wazi.

"Umepita wapi wewe?" mama akauliza.

Saumu akageuka kutazama nyuma. Bustani haikuwa na ua. Palikuwa na nyasi, kisha njia, kisha bustani ya jirani. "Nimepita hapo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo si pa kupita. Pa kupita ni pale."

Akaielekeza kata kwenye lango. Lilikuwa lango zuri la mninga, limechongwa maua, lina komeo la shaba, nalo lilisimama peke yake juu ya nyasi, halina ukuta kushoto wala kulia, kama mtu aliyevaa kwa harusi akakosea siku.

"Sasa nifanyeje?"

"Urudi ulikotoka, uje tena vizuri. Na fanya upesi mwanangu, jirani anatuona."

Jua la Hodini siku hizo lilikuwa kali hata majani ya maboga yalikuwa yamelala kifudifudi kufikia saa nne asubuhi. Midomo ya Saumu ilikuwa imepasuka kwa kiu. Hata hivyo akarudi, akalizunguka lango, akasimama upande wa pili na kubisha. Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwake na walikuwa wakitazamana.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, Saumu."

"Saumu gani?"

"Huyu uliyekuwa ukizungumza naye sasa hivi."

"Simjui. Bisha tena."

Ilipofika hodi ya tatu uso wa mama ukachanua. "Karibu, mgeni, karibu sana, starehe," akasema, akafungua komeo, akampokea begi, akampa kata kwa mikono miwili na kusimama kando mpaka alipokunywa tone la mwisho. Kisha akamjazia ya pili bila kuombwa. Jina lake Bi Sikitu, na Saumu baadaye alikiri kwamba hajawahi kupewa maji kwa moyo mweupe kiasi kile, wala kucheleweshewa kiasi kile.

Watu wa Hodini wanajihesabu kuwa wakarimu kuliko mataifa yote, na haikuwa uongo. Sheria yao ya kwanza inasema kila mgeni apewe maji. Kwa ajili hiyo kila bustani ina beseni la wageni: beseni kubwa la kauri, limepakwa rangi ya samawati, linasuguliwa kila alfajiri kwa sabuni mpaka linateleza, linajazwa mpaka ukingoni, na kutiwa matone ya marashi. Sheria yao ya pili inasema mgeni ni yule aliyebisha hodi mara tatu langoni na kujibiwa. Kati ya sheria hizo mbili ndimo walimojenga nchi yao. Kuna Idara ya Hodi, kuna wakaguzi wa malango, na kuna shule ambako watoto hufundishwa kubisha kwa sauti ya asubuhi na kwa sauti ya jioni. Kuta hawakujenga. Saumu alipouliza sababu, Bi Sikitu alimshangaa. "Ukuta wa nini? Si tuna lango?"

Tatizo la Hodini lilikuwa nyuki.

Majira ya joto yanapozidi, nyuki huacha maua kwa muda na kutafuta maji. Huyabeba hadi mzingani, huyapaka juu ya masega, kisha hupepea kwa mabawa mpaka nyumba yote ipoe. Wasipoyapata, nta hulainika, masega huanguka, na watoto hufia ndani. Saumu aliyajua hayo kwa kuyasomea. Alikuwa na cheti cha chuo cha ufugaji nyuki ndani ya bahasha ya plastiki, na kwa miaka miwili alikuwa akiibeba bahasha hiyo ofisi hadi ofisi, akiambiwa aache namba ya simu. Bi Sikitu aliyajua bila cheti. Marehemu mumewe alimwachia mzinga mmoja wa gogo, umening'inia mwisho wa bustani, na maboga yake yalikuwa makubwa kuliko ya mtaa mzima kwa sababu hiyo.

Lakini nyuki hawakubisha hodi. Waliingia kutoka juu, kutoka pembeni, kutoka kokote, wakajitupa kwenye mabeseni ya watu.

"Njoo nikuonyeshe," Bi Sikitu akasema, akampeleka kwenye beseni lake mwenyewe. Juu ya maji safi yenye marashi walielea nyuki kama thelathini, mabawa yamenata. Kauri ilikuwa inateleza mno. Aliyeshuka kunywa hakupata pa kushika, na aliyeteleza hakupata pa kupandia. Kando ya beseni palikuwa na kibao cha Idara, na mkaguzi alikuwa ameandika kwa chaki: *Wageni waliopenda kubaki: 31.*

Saumu akakisoma mara mbili. "Waliopenda kubaki?"

"Ndivyo inavyoandikwa. Wakitoka ni wezi, maana hawakubisha. Wakibaki ni wageni." Bi Sikitu akawachota wale nyuki kwa kata, akawamwaga taratibu kwenye jani la boga. "Mimi sikusoma, mwanangu. Ila naona kama kuna kitu hakijakaa sawa."

Siku ya pili yake Baraza la Hodi lilikutana kuzungumzia nyuki, na Bi Sikitu akamchukua mgeni wake. Ukumbi ulikuwa mwendo wa nusu saa, nao ulikuwa na malango saba yaliyopangwa mfululizo uwanjani. Waliyabisha yote.

Mkuu wa Idara, Mheshimiwa Pandu, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa barua. Alieleza kwamba mwaka uliopita Idara ilijenga malango madogo ya mianzi, kimo cha kidole, mbele ya kila beseni, ili nyuki wapate pa kubisha. Malango yalikuwa mazuri. Nyuki walipita juu yake.

Mjumbe mmoja akauliza kama ile sauti yao ya mvumo haiwezi kuhesabiwa kuwa hodi.

"Tumeichunguza," Mheshimiwa Pandu akajibu. "Huvuma wakiingia na huvuma wakitoka. Hodi ya kutokea haijulikani katika sheria zetu."

Aliyesimama kwa ukali zaidi alikuwa Bwana Vuai, jirani wa Bi Sikitu, yule aliyekuwa akitazama siku ya kwanza. "Mimi nauliza jambo dogo," akasema. "Mwanangu akiingia kwa mtu bila hodi, nampiga kofi. Je, nimpige nyuki kofi? Nimejaribu." Akainua mkono uliovimba. Baraza zima likapiga ulimi kwa huruma. "Napendekeza tuyafunike mabeseni kwa makawa. Yafunikwe mpaka nyuki wajifunze adabu. Na huo mzinga wa jirani yangu uvunjwe, maana wanakotoka ndiko kulikokosa malezi."

Bi Sikitu alishika ukingo wa kanga yake akaukunja, akaukunjua. Saumu aliona hivyo, na kabla hajafikiri alikuwa amesimama.

"Hodi," akasema, kwa kuwa hata kusema barazani kulibishiwa hodi.

Ilimchukua muda kujibiwa. Alipojibiwa alisema kwa pupa, kama walivyo waliotoka chuoni, lakini alieleweka. Nyuki, alisema, hana haja na mabeseni mia. Anahitaji mahali pamoja pa kunywea, pasipoteleza, palipo na harufu ya udongo, na pasipokauka. Akishapazoea hurudi papo hapo kila siku na kuwaacha wengine. "Nipeni siku saba, waheshimiwa. Nitawatengea pao kwa Bi Sikitu. Siku ya saba wakaguzi wasimame kwenye kila beseni la nchi hii. Wakimwona nyuki hata mmoja kwa mtu mwingine, funikeni."

"Na mzinga?" Bwana Vuai akauliza.

Saumu akamtazama Bi Sikitu. Bi Sikitu akaitikia kwa kichwa.

"Na mzinga uvunjwe."

Mheshimiwa Pandu aliomba kuona bahasha ya plastiki. Alikisoma cheti kuanzia juu mpaka chini, akakigeuza kutazama nyuma, akakipitisha kwa wajumbe. "Kina mihuri miwili," akasema kwa heshima. Ikaonekana kuwa Idara ilikuwa na kiti kilichokaa wazi kwa miaka sita, cha Mshauri wa Nyuki, chenye nyumba, meza, na lango lake. Aliyeteuliwa hutakiwa kubisha hodi ukumbini siku moja tu katika mwaka, ngoma ya adhuhuri inapolia. Siku hiyo, kwa bahati, ilikuwa ndiyo ya saba kutoka leo.

"Usichelewe, binti," Mheshimiwa Pandu akasema. "Ngoma ikinyamaza, kiti kinapewa aliyebisha."

Njiani kurudi Saumu hakuhisi jua. Alikuwa akimwandikia mama yake barua kichwani.

Walianza jioni hiyo hiyo. Bi Sikitu alitoa bakuli pana la udongo lililokuwa likikalisha jungu la pilau siku za sherehe. Wakapanga ndani yake kokoto za mtoni mpaka zikatokeza juu ya maji, wakatia mwani kidogo wa kijani kutoka mtaro wa zamani na konzi ya tope. Bi Sikitu alilitazama kwa aibu.

"Mgeni nimpe maji ya tope?"

"Mgeni huyu ndiyo anayoyapenda, mama. Marashi yenu yanamsumbua."

"Loo. Na miaka yote hii tunamtilia." Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku mbili za mwanzo nyuki walilipita bakuli bila kuligeukia. Siku ya tatu alikuja mmoja, akatua juu ya kokoto, akanywa akitikisa mkia, akaenda. Baada ya nusu saa walikuwa sita. Siku ya tano kokoto hazikuonekana kwa nyuki, na hakuna aliyemuuma mtu. Nyuki anywaye maji hana ugomvi. Wakaguzi walianza kuandika *Hakuna* kwenye vibao vya mtaa, na mmoja alikiri kwamba hana uhakika kama aifurahie kazi yake kuisha.

Kulikuwa na shida moja tu. Bakuli lilikuwa la kina kifupi, na udongo wake wenyewe ulinyonya maji. Kulijaza zaidi hakukufaa, maana kokoto zingezama na nyuki pamoja nazo. Kwa hiyo ilibidi kuongeza maji kidogo kidogo, na jua lilipopanda, kila dakika ishirini.

Alfajiri ya siku ya saba Bi Sikitu alivaa kanga mpya. Sheria ilimtaka mwenye mzinga akae ukumbini tangu asubuhi mpaka ripoti ya wakaguzi isomwe.

"Mwanangu," akasema akiwa langoni, "niahidi jambo moja. Bakuli lisikauke. Nyuki akikuta pakavu mara moja tu, atakwenda kwa jirani, na leo jirani ana mkaguzi."

"Halitakauka, mama. Nimekuahidi."

"Na hodi yako?"

"Nimepiga hesabu. Saa tano unusu nitajaza, nitamwomba Bwana Vuai aongeze mara tatu tu nikiwa huko, kisha nitarudi mbio."

Bi Sikitu alitaka kusema kitu kuhusu Bwana Vuai, lakini akaona uso wa Saumu umejaa matumaini, akakimeza.

Saa tano unusu jua lilikuwa kama limeshushwa kwa kamba. Nyuki wa mizinga ya porini walikuwa nao wamesikia habari, na bakuli lilivuma kama sufuria ya maharage. Saumu alijaza, akanawa uso, akachukua bahasha yake, akaenda kwa Bwana Vuai. Alilikuta lango lake limefungwa. Mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye mkeka upande wa pili, macho wazi, anajipepea kwa kawa. Mkaguzi wake alisinzia kando ya beseni.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, Bwana Vuai. Ni mimi, Saumu wa hapo kwa Bi Sikitu."

Bwana Vuai alijipepea.

"Hodi. Nakuomba kitu kidogo tu."

"Nimelala," Bwana Vuai akasema.

"Umelala nawe unazungumza?"

"Nazungumza usingizini. Saa hizi hodi haijibiwi, ni sheria ya kiangazi. Umeshabisha tatu. Asiyejibiwa mara tatu huenda zake."

Saumu alitazama ule uwazi wa nyasi kando ya lango. Hatua mbili zingemfikisha mkekani. Lakini hakuja kumpokonya mtu adabu yake, na mtu aliyelazimishwa kuongeza maji humwaga.

Alirudi. Kutoka kwenye lango la Bi Sikitu njia mbili zilionekana wazi: moja ikienda ukumbini, nyeupe kwa jua, nyingine ni hatua kumi za kurudi bakulini. Alipiga hesabu tena, kwa makini, kama anayetafuta kosa kwenye mtihani. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na hodi saba katikati. Bakuli lilikuwa na dakika ishirini. Alijiambia kwamba huenda leo likadumu zaidi. Akajiambia kwamba nyuki huenda wakavumilia. Akachungulia: kokoto za pembeni zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na nyuki mmoja, amekosa maji alipotua, alikuwa ameruka na kuzunguka angani akielekea kwa Bwana Vuai.

Saumu akaweka bahasha chini, akachukua ndoo.

Yule nyuki alizunguka mara mbili, akasikia harufu ya tope lililolowa, akarudi.

Ngoma ya adhuhuri ilimkuta amepiga magoti. Ililia kwa muda mrefu, polepole, na alihesabu bila kutaka. Jua lilikuwa likila maji mbele ya macho yake, basi akakitoa cheti kwenye bahasha, kilikuwa kigumu na kipana, akakishika juu ya bakuli kifanye kivuli. Nyuki wawili walitua kwenye mihuri, mmoja kila muhuri, wakapumzika hapo kabla ya kushuka kunywa. Saumu alianza kulia kidogo, kisha akawatazama wale wawili, akajikuta anacheka. Mkono ulipochoka alibadili. Ngoma ikanyamaza.

Ilikuwa kama saa tisa alipowaona watu wakirudi njiani. Wa mbele alikuwa Bi Sikitu, kanga mpya imemporomoka kichwani, anatembea upesi kuliko umbo lake lilivyozoea.

"Hakuna," aliita kutoka mbali. "Vibao vyote, Hakuna. Mtaa kwa mtaa. Makawa yamerudishwa jikoni. Na Mheshimiwa Pandu amesema tope lichunguzwe rasmi kama ni namna ya marashi."

"Na kiti?"

Bi Sikitu akapunguza mwendo. "Alikuwapo bwana mmoja anatafuta choo. Akabisha. Ngoma ilikuwa bado haijanyamaza, na sheria ni sheria." Akatikisa kichwa. "Sasa ndiye Mshauri wa Nyuki. Anawaogopa, maskini. Ameuliza kama kazi yenyewe inafanyika ndani." Akamtazama Saumu, magoti yake yenye tope, mkono uliokufa ganzi, cheti kilichojikunja kwa jua na wino wa jina uliofifia. "Nilikuwa nikitazama malangoni, mwanangu. Nikajua hutakuja. Nikaomba uje. Nikaomba usije."

Alikuwa amefika kwenye nyasi, na lango lilikuwa upande wake wa kushoto, hatua nne. Bwana Vuai alikuwa amesimama kwake anaangalia. Bi Sikitu hakuligeukia lango. Alikata moja kwa moja juu ya nyasi, pale pasipo pa kupita, bila hodi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaja akachutama kando ya Saumu na kutia kidole bakulini katikati ya nyuki, taratibu, mpaka kokoto ya chini.

Akakitoa. Kilikuwa kimelowa hadi kiungo cha pili.

"Halikukauka," akasema.

"Halikukauka, mama," Saumu akajibu, akaivuta ndoo.